Kirusi cha Mheshimiwa Mang'enya

Ipo nchi moja iitwayo Tuendako. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walifika kweli, lakini walikuta ofisi ya mipaka imefungwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Wakangoja, wakachoka, wakaondoka zao. Ni nchi nzuri, yenye amani na mikutano mingi, na kaulimbiu yake inajulikana na kila mtu. Mtu akisema "Tuendako!", wote walio mahali pale, wawe wanakula, wawe wananyolewa, huinua mikono yote miwili, wakatazama mbinguni na kuitikia "Kweupe!" Mikono yote miwili, tafadhali. Aliyeinua mmoja huulizwa ule wa pili ameubakiza kwa ajili ya nani.

Tena kaulimbiu hiyo si mali ya viongozi peke yao. Sheria inasema wazi kwamba raia yeyote aliyeguswa na uzalendo anaweza kuianzisha popote, na hakuna ruhusa ya kumkatiza wala ya kuacha kuitikia, hata kwa Waziri. Shikeni hilo, maana tutalihitaji.

Bi Mwanahawa Kitunzi alikuwa mfasiri wa Kirusi katika Wizara ya Maji na Matangazo ya nchi hiyo. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa, jirani na stoo ya mafagio, na wengi waliokuja kutafuta fagio walianzia kwake. Hakusomea ufasiri. Alipokuwa msichana, mji wake wa Mtondoo, uliokuwa mkavu tangu enzi za babu zao, ulimchagua aende Urusi kusomea pampu. Wakachinja ng'ombe, wakamvika koti la kuazima, wakamwambia nenda, utuletee maji. Akaenda, akasoma, akafaulu, akarudi na cheti, koti lake mwenyewe na Kirusi kilichonyooka. Serikali ikampongeza sana. Ikamweleza kwamba kwa sasa pampu hazipo, ila Warusi wapo na huandika barua, basi akae atafsiri barua mpaka pampu zije. Akakaa mpaka nywele zikaota mvi.

Watu wa Mtondoo hawakumsahau yule ng'ombe. Walimbandika Bi Mwanahawa jina la Mrusi, na kila alipokwenda nyumbani, iwe harusi, iwe msiba, lazima mtu mmoja aulize, "Ee Mrusi, maji yako wapi?" Watu wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, kisha akajifungia chumbani kwa dada yake, Bi Mosi, akalia. Bi Mosi alikuwa bado anateka maji bondeni, na magoti yalikuwa yamemchoka. Yeye hakumtania mdogo wake hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Bi Mwanahawa kuliko vicheko vyote.

*

Kisha pampu ikaja. Ilikuja ndani ya kreti kubwa, zawadi kutoka Urusi, na ikapangiwa kwenda Mtondoo kwa sababu Mtondoo ndiko Waziri, Mheshimiwa Bonifasi Mang'enya, alikoponea chupuchupu katika uchaguzi uliopita. Mafundi wa Kirusi wakaifunga kando ya mto, kule bondeni, wakaijaribu pale pale, ikafanya kazi vizuri, wakapeana mikono na kila mtu, wakarudi kwao. Waliacha kitabu cha maelekezo, kinene, cha Kirusi kitupu.

Bi Mwanahawa hakungoja kuambiwa. Alikitafsiri chote kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mafundi, huku akiimba peke yake ofisini. Katibu Mkuu wa Wizara, Dokta Lwitiko, akaja kumrudishia makaratasi yake akiyashika kwa vidole viwili.

"Bi Mwanahawa, mbona hii umeandika kwa Kiswahili?"

"Ili mafundi waelewe, Dokta."

"Ndiyo hatari yenyewe. Kiswahili anakielewa kila mtu. Leo mafundi, kesho wauza mchicha. Siri za mtambo wa serikali tutaziweka wapi?" Akashusha sauti. "Halafu Mheshimiwa ameamua kukisoma mwenyewe siku ya uzinduzi. Kwa Kirusi."

Mheshimiwa Mang'enya alikuwa amekwisha kukifungua kitabu kile, akaziona herufi za Kirusi, akakifunga haraka. "Herufi hizi zimekaa kishari," alimwambia Bi Mwanahawa alipoitwa ofisini. "Nyingine zimegeuka nyuma kabisa. Sasa wewe niandikie maneno hayo hayo ya Kirusi, usibadilishe kitu, ila kwa herufi za Kiingereza."

"Inawezekana, Mheshimiwa. Watu huandika hivyo. Utaweza kuyatamka, lakini hutayaelewa."

Waziri akacheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Bi Mwanahawa, herufi za Kiingereza ninazo tangu darasa la kwanza. Kitu kiandikwe kwa herufi za Kiingereza, halafu mimi nisikielewe? Mimi?"

Dokta Lwitiko akatikisa kichwa kwa masikitiko, na Bi Mwanahawa akaanza kujiona yeye ndiye mwenye mawazo ya ajabu.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuhamisha Herufi, ikakutana kwenye hoteli moja ya ufukweni ili isisumbuliwe na kazi. Ilibainika kwamba herufi za Kirusi ni nyingi kuliko za Kiingereza, na wajumbe wakajadili kwa uchungu kama zilizozidi zipunguzwe kazini au zigawane vyeo. Mwishowe herufi moja ya Kirusi ikapewa herufi mbili za Kiingereza, nyingine ikapewa mpaka nne, na wajumbe walioona hivyo wakaomba nao waongezewe wasaidizi. Ikafika zamu ya alama moja ambayo Bi Mwanahawa alieleza kwamba haina sauti yake yenyewe; kazi yake ni kukaa nyuma ya mwenzake na kumlainisha.

Wajumbe wakainamia makaratasi yao. Wote wakajitahidi kutomtazama Naibu Waziri.

"Ibaki," alisema Naibu Waziri. "Ina kazi ngumu kuliko mnavyodhani."

Ikabaki.

*

Sasa tumtendee haki Mheshimiwa Mang'enya. Mtu yule alikuwa na sauti. Ilikuwa nzito, ya kutoka tumboni, na aliposhika karatasi zilizoandikwa na Bi Mwanahawa na kuanza kusoma, wafagiaji waliacha ndoo zao wakaja kusimama mlangoni. Bi Mwanahawa alimfundisha kila alasiri. Kwa miaka mingi hakuwa amekisikia Kirusi kikitoka kinywani mwa mtu mwingine, na kilipotoka, hata kama ni habari za boliti na grisi, alikumbuka theluji, bweni lao, supu ya kabichi, na msichana aliyekuwa yeye, aliyeamini kwamba atarudi na maji. Alimsahihisha Waziri kwa mapenzi yote. Hapa pandisha, pale punguza, hapo usiharakishe.

Ukurasa alioupenda Mheshimiwa kuliko yote ulikuwa ule wa onyo, uliopigwa chapa kwa wino mwekundu.

"*Ne vklyuchat' nasos pri zakrytoy zadvizhke*," alinguruma, kisha akafumba macho. "Sikia maneno hayo! Kwa maneno haya mtu anaweza kutangaza vita, anaweza pia kuposa."

"Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba—"

"Usiniambie! Utaniharibia. Nikishajua maana, nitaanza kuifikiria, na nikifikiria nitakosa mapigo."

Na hapa ndipo Bi Mwanahawa naye alipokosea. Alipaswa kusisitiza, lakini alicheka tu, akamwambia arudie mstari ule, ili ausikie tena.

Homa ya kusoma ikaenea nchini. Redio ikaanzisha nusu saa ya kitabu cha pampu kila asubuhi. Harusi haikukamilika bila mjomba mmoja kusimama na kusoma sura ya grisi. Mtuhumiwa mmoja wa wizi wa mbuzi alijitetea mahakamani kwa kusoma ukurasa wa vipuri, na akaachiwa huru, kwa kuwa hakimu hakutaka kuwa mtu pekee katika chumba kile asiyejua Kirusi. Basi serikali ikatangaza rasmi kwamba Tuendako sasa inakijua Kirusi, na Dokta Lwitiko akaenda mwenyewe kwenye chumba cha mwisho kupeleka habari njema.

"Hongera sana, Bi Mwanahawa! Nchi nzima inasoma. Tafsiri ya nini tena? Mwisho wa mwezi utapumzika. Mafagio yamezidi, chumba tunakihitaji."

"Na mafundi wa Mtondoo, Dokta? Nao wanaelewa watakachofanya?"

"Wanasoma kuliko sisi! Nimewasikia kwa masikio yangu. Wanasoma kwa sauti nne, kama kwaya."

Bi Mwanahawa alikunja koti lake la Urusi, akalitia kwenye mfuko. Kazi aliyoipenda ilikuwa imemfia mikononi, na ni yeye aliyesaidia kuiua. Lakini alijiambia kwamba si kitu, ilimradi pampu ya Mtondoo iwake na Bi Mosi apumzike.

*

Siku ya uzinduzi kila kitu pale mtoni kilipakwa rangi mpya. Walipaka pampu, wakapaka nguzo, wakapaka mawe, na mbuzi mmoja aliyesimama mahali pabaya. Koki kubwa ya bomba linalovuta maji kutoka mtoni ilipakwa rangi za taifa, na wapakaji, wasije wakalowana, waliifunga kwanza hadi mwisho. Juu yake pakafungwa utepe. Ratiba ilisema hivi: Mheshimiwa atasoma Kirusi, kisha atabonyeza swichi, kisha Mama Waziri, mkewe, atakata utepe, kisha chakula. Balozi wa Urusi alialikwa, lakini kadi yake kwa hitilafu ndogo ilifika kwa balozi wa nchi nyingine. Balozi huyo alikuja, akashangilia sana.

Bi Mwanahawa alikaa safu ya nyuma na Bi Mosi, aliyekuja na ndoo tupu mapajani.

"Ee Mrusi!" mtu akamwita. "Ni leo au tuendelee kungoja?"

"Ni leo," alijibu.

Mheshimiwa akasimama. Akasoma. Sijui niwaelezeje. Hata ndege walinyamaza. Wazee walifuta machozi juu ya kipenyo cha boliti. Bi Mwanahawa alifumba macho, midomo ikimfuata Waziri neno kwa neno, na sauti ilipofika kwenye ukurasa mwekundu aliisikia ikipanda pale alipoielekeza ipande, na kushuka pale alipoielekeza ishuke. Alifurahi kama mama wa bwana harusi. Na furaha hiyo ilipotulia, maana ya maneno ikamfikia, kwa kuchelewa: usiwashe pampu koki ikiwa imefungwa.

Akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na koki, inang'aa, imefungwa hadi mwisho, imevalishwa utepe.

Alijua kitakachotokea. Pampu ingevuta hewa tupu, ingepata moto, na kabla makofi hayajaisha ingekuwa chuma chakavu. Isingeletwa nyingine maishani mwake, wala maishani mwa Bi Mosi. Aliinuka akakimbia hadi kwa Dokta Lwitiko, aliyekuwa mshereheshaji na amebeba mto mwekundu wa mahameli uliolazwa mkasi wa utepe.

"Dokta, koki imefungwa! Pampu itaungua!"

"Koki ni kipengele kinachofuata, Bi Mwanahawa. Utepe haujakatwa."

"Lakini amesema mwenyewe sasa hivi! Mheshimiwa amesoma tusiwashe!"

"Sote tumemsikia," alisema Dokta Lwitiko kwa heshima. "Usituharibie utamu. Nenda kaketi."

Mheshimiwa akakunja karatasi. Akainua kidole, akatabasamu kwa ajili ya picha, akakipeleka kidole kwenye swichi.

"TUENDAKO!" alipiga ukelele Bi Mwanahawa.

Mikono yote miwili ya Waziri ikaruka juu, na macho yake yakaenda mbinguni. "Kweupe!" ukaitikia umati mzima. Mto mwekundu ukamponyoka Dokta, na mkasi ukaanguka nao. Waziri akateremsha mikono, akatafuta swichi.

"TUENDAKO!"

"Kweupe!"

Bi Mwanahawa akaenda hivyo, hatua na kaulimbiu, kaulimbiu na hatua, hadi alipofika alipoketi Mama Waziri, mwanamke mnene mwenye haya kidogo na viatu vya kubana sana.

"Kuna nini, dada?" Mama Waziri alinong'ona, mikono ikiwa juu.

"Njoo ukate utepe sasa hivi, mama, nifungue koki. La sivyo pampu inaungua. TUENDAKO!"

"Kweupe! Si ungesema mapema? Viatu hivi vinaniua." Akavivua pale pale, akauokota mkasi, akashika njia peku peku, na kati ya kaulimbiu moja na nyingine akakata utepe vizuri kabisa. Umati ukadhani ni ratiba, ukapiga vigelegele.

Lakini gurudumu la koki lilitaka mikono miwili na pumzi zote, na Bi Mwanahawa hakuwa na pumzi ya kupigia kelele tena. Akaona kidole cha Waziri kikinyooka. Akageuka kumtafuta dada yake. Bi Mosi hakuwa amesomea pampu, lakini alimjua mdogo wake. Alisimama juu ya ndoo yake iliyofudikizwa, pamoja na magoti yake mabovu, akatoa sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde.

"TUENDAAAKO!"

Alilivuta neno hilo kwa kadiri alivyoweza, na mikono yote ya Tuendako ikakaa juu, ikingoja. Bi Mwanahawa hakuinua yake. Ni kosa ambalo adhabu yake haijawahi kutajwa hadharani, lakini hakuna aliyemwona, maana wote walikuwa wanatazama mbinguni kama sheria inavyotaka. Alizungusha, rangi za taifa zikamtapakaa hadi viwikoni, alizungusha mpaka akasikia maji yakijaa bombani, yakiguguma. Akaanguka chini akiwa ameketi.

Mheshimiwa Mang'enya, mikono ikiwa imemfa ganzi, akaiacha ishuke yenyewe. Mmoja ukaangukia swichi. Pampu ikanguruma, na katikati ya mji wa Mtondoo, na hata nyuani, kwenye mabomba yaliyokuwa makavu tangu yalipojengwa, maji yakatoka.

*

Gazeti la serikali likaandika: "Kirusi cha Mheshimiwa Chatoa Maji." Bi Mwanahawa akatunukiwa nishani ya Uzalendo wa Sauti, akateuliwa Mkurugenzi wa Kaulimbiu, akapewa chumba chenye dirisha. Kuhusu koki hapakusemwa neno. Ila tangu siku ile ikaamriwa kwamba pampu yoyote katika Tuendako, hata ikitoka nchi nyingine, itazinduliwa kwa utaratibu ule ule: usomwe ukurasa mwekundu kwa Kirusi, zipigwe kaulimbiu, Mama mmoja avue viatu akate utepe, bibi mmoja apande ndoo, mwingine azungushe koki mpaka ajipake rangi, ndipo swichi ibonyezwe. Hakuna anayejua sababu ya hayo yote. Lakini hakuna pampu iliyowahi kuungua, na nchi jirani hutuma wataalamu kuja kujifunza.

Tukirudi nyuma kidogo, jioni ya siku ile ya uzinduzi gari jeusi lilisimama nje ya nyumba ya Bi Mosi. Mheshimiwa Mang'enya akashuka peke yake, bila Dokta na bila wapiga picha. Akabisha hodi, akakaribishwa kwenye kigoda uani. Bi Mosi akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akaketi pembeni kunyoosha magoti.

Waziri alikizungusha kikombe mikononi kwa muda.

"Bi Mwanahawa," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mpiga kura aliyewahi kuisikia. "Ule ukurasa mwekundu. Ulisema nini?"

"Ulisema usiwashe pampu koki ikiwa imefungwa, Mheshimiwa."

Waziri akaacha kukizungusha kikombe. Akatazama mikono ya Bi Mwanahawa, ambayo rangi za taifa zilikuwa zimegoma kutoka hata kwa sabuni. Akanywa maji, yote. Bi Mwanahawa akaona koo lake likipanda na kushuka, akamwonea huruma kweli.

"Nilijua," alisema Waziri. "Ndiyo maana nilisoma kwa sauti."

Bi Mosi akakohoa. Bi Mwanahawa alifungua mdomo amjibu, na alikuwa na mengi: ya ng'ombe, ya koti, ya chumba cha mafagio, ya kila msiba na kila harusi. Kisha akasikia bomba la uani likitiririka. Dada yake alikuwa ameliacha wazi makusudi tangu adhuhuri, ili alisikilize tu. Na nje ya ua sauti ya yule mtu aliyemtania mtoni asubuhi ilikuwa inapita, inaita, "Ee Mrusi! Ahsante!"

Akakichukua kikombe cha Mheshimiwa, akakijaza tena.

"Ulisoma vizuri sana," alimwambia, na hilo halikuwa uongo.